Maisha ya Mwalimu Nyerere na somo kwa mgonjwa wa figo

Oktoba 14 kila mwaka Watanzania tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Redio hurudia hotuba zake, ofisi hufungwa, na wageni humiminika Mwitongo, Butiama, alikozikwa. Safu hii wiki hii nayo inasimulia maisha yake, ila kwa jicho ambalo halitumiki mara nyingi: jicho la mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine baada ya figo zake kushindwa kazi.

Mwalimu alifariki kwa saratani ya damu, ugonjwa wa figo haukuwa ndio uliomwondoa. Hata hivyo maisha yake yanafundisha jambo ambalo wataalamu wa figo duniani wanalifanyia kazi sana miaka hii. Ukitaka kujua mapema ni mgonjwa gani wa dayalisisi yuko katika hatari ya kulazwa ghafla au kupoteza maisha, kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Inabidi ujue pia anaishi umbali gani, nauli anaipata wapi, anakula nini, anajua kusoma au la, na nani yuko naye nyumbani.

Mambo hayo yanaitwa vigezo vya kijamii vya afya. Mwalimu aliyataja miaka mingi kabla ya jina hilo kuenea, alipowaambia wananchi kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Aliwataja pamoja kwa sababu aliona wanasaidiana. Tutaona alikoyajulia.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama Aprili 1922. Jina hilo ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki, na alipewa kwa sababu ya mvua iliyokuwa ikinyesha. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu.

Mama Mgaya alizaa watoto wanane. Wawili walifariki wangali wachanga. Hivyo hata katika boma la chifu kifo cha mtoto hakikuwa jambo la ajabu. Hapakuwa na chanjo, hapakuwa na zahanati ya karibu, na maji yalikuwa yale yanayopatikana. Kama daktari wa leo angeulizwa mwaka 1922 amkadirie mtoto huyo hatari zake, angetaja nyingi bila hata kumgusa.

Mzazi unayesoma safu hii, kumbuka kwamba figo zinaweza kuanza kuharibika utotoni kwa sababu za aina hiyo hiyo. Mtoto anayeharisha na kutapika bila kurudishiwa maji mwilini anaweza kuumia figo kwa siku chache. Mtoto mwenye vidonda vya ngozi au maambukizi ya koo yasiyotibiwa anaweza, wiki chache baadaye, kuvimba uso asubuhi na kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni dalili ya figo kuvimba. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto wa kiume ambaye mkojo wake hutoka kwa matone au kwa kujikamua naye aonwe mapema, kwani njia yake ya mkojo inaweza kuwa imeziba tangu kuzaliwa.

Kilomita 40 za kwenda Mwisenge

Kambarage alichunga mbuzi wa baba yake hadi alipofika umri wa miaka 12. Inasimuliwa kwamba alikuwa hodari wa kucheza bao kuliko watu wazima, na kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, eneo ambalo leo liko wilayani Bunda, aliona akili ya kijana huyo akamshauri Chifu Burito ampeleke shule.

Mwaka 1934 alianza Shule ya Mwisenge, Musoma mjini. Kutoka Butiama ni kama kilomita 40. Mtoto asingeweza kwenda na kurudi kila siku, hivyo alilala bwenini. Wavulana wa Butiama waliokosa nafasi kama hiyo hawakuwa na akili pungufu. Walikosa baba chifu, walikosa mtu wa kuwasemea, na shule ilikuwa mbali.

Sasa tuupige hesabu umbali huo kwa mgonjwa wa figo. Kwa kawaida mgonjwa anayetegemea mashine anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kama saa nne. Kwa mwaka ni safari 156. Anayeishi Butiama akisafishwa Musoma atasafiri kilomita 80 kwenda na kurudi, yaani zaidi ya kilomita 12,000 kwa mwaka. Anayeishi Musoma akilazimika kwenda Mwanza, umbali ni zaidi ya kilomita 200 kwa safari moja. Kwa mwaka zinakuwa zaidi ya kilomita 62,000, ambazo ni kama kuizunguka dunia mara moja na nusu. Ndiyo maana wengine huhama kabisa na kupanga chumba karibu na hospitali, wakiacha shamba, biashara na familia.

Mwili haujui kwamba basi liliharibika njiani au kwamba nauli ilipungua. Mgonjwa akikosa siku moja ya mashine, maji yanaweza kujaa mwilini hadi kwenye mapafu, na madini ya potasiamu yanaweza kupanda kwenye damu hadi kuusimamisha moyo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wagonjwa wanaokosa kliniki hulazwa zaidi na hufa zaidi. Zimeonyesha pia kwamba hata kwa asiyekosa, kipindi kile kirefu cha siku mbili bila mashine, mara nyingi mwisho wa wiki, ndicho chenye hatari kubwa.

Kwa hiyo muuguzi akikuuliza unaishi wapi na umekuja na usafiri gani, usione anakupotezea muda. Jibu lako linaweza kumwonyesha hatari wiki kadhaa kabla haijaonekana kwenye vipimo.

Elimu ilivyomfungulia njia

Mwisenge alifaulu vizuri, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali Tabora. Alibatizwa mwaka 1943 akaitwa Julius, akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Alifundisha Tabora katika Shule ya St Mary's. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akahitimu shahada mwaka 1952. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Waningu huko Musoma, kisha akaenda kufundisha Pugu.

Elimu iliyomtoa Butiama ndiyo aliyotaka kila mtoto aipate, na kwa mgonjwa wa figo ina maana ya kila siku. Mgonjwa wa dayalisisi hupewa maelekezo mengi: kipimo cha maji ya kunywa kwa siku, dawa za presha za asubuhi na jioni, dawa za kumeza pamoja na chakula, na uzito ambao hatakiwi kuuzidi. Anayesoma atayarudia maelekezo hayo nyumbani. Asiyesoma atategemea kumbukumbu, na akili ya mtu aliyechoka na mashine husahau.

Kama husomi, au macho yameathiriwa na kisukari, mwambie muuguzi bila aibu. Aombwe akuchoree jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya usiku. Akuonyeshe kikombe chako mwenyewe na idadi ya vikombe unavyoruhusiwa kwa siku. Njoo na mtoto au mjukuu anayesoma, asikilize pamoja nawe. Wauguzi wengi hawajui kwamba mgonjwa hajasoma, kwa sababu mgonjwa huitikia kwa kichwa na kuondoka na karatasi.

Mwaka aliokosa mshahara

TANU ilianzishwa Julai 7, 1954, Nyerere akiwa rais wake. Siasa na kazi ya ualimu havikuweza kwenda pamoja, na Machi 1955 aliacha kazi Pugu. Alirudi Butiama na familia yake akakaa miezi kadhaa bila mshahara kabla ya kurudi Dar es Salaam kuendelea na kazi ya chama. Katika miaka hiyo Mama Maria aliendesha duka dogo lililosaidia familia kula.

Jambo hili husimuliwa kwa sentensi moja na kupitwa. Mtu anayeumwa alitazame vizuri. Nyumba ile ilisimama kwa sababu mmoja alipokosa kipato mwingine alishika. Mgonjwa wa figo hupoteza kipato mara mbili: yeye mwenyewe hawezi kazi za nguvu, na anayemsindikiza naye hupoteza siku tatu za kazi kila wiki. Mvuvi wa Musoma hashindi ziwani usiku akawahi mashine asubuhi. Mkulima wa pamba wa Bunda hawezi kupalilia siku anayorudi kutoka kliniki akiwa hoi.

Pesa ikipungua, watu hupunguza kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza hupunguza chakula bora, kisha dawa, kisha siku za kliniki: kutoka tatu kwenda mbili, kutoka mbili kwenda moja. Daktari anayesubiri kuona damu imeharibika huwa amechelewa, kwa sababu hatari ilianza siku ile familia ilipouza ng'ombe wa mwisho. Kuuliza kuhusu kipato, bima na anayemsaidia mgonjwa ni sehemu ya matibabu.

Vivyo hivyo kuhusu upweke. Mgonjwa anayeishi peke yake hana wa kumwona akianza kuvimba, hana wa kumkumbusha dawa, na akizidiwa usiku hana wa kuita bodaboda. Duka la Mama Maria lilikuwa dogo, ila ndani yake palikuwa na mtu wa pili.

Vita vya maadui watatu

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Kwa hesabu aliyokuwa akiitoa Mwalimu mwenyewe, nchi ilirithi madaktari wazalendo 12, na asilimia 85 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Hospitali kubwa zilikuwa mijini, huku wananchi walio wengi wakiishi vijijini.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liligeuza mwelekeo kuelekea vijijini. Zahanati na vituo vya afya vijijini viliongezwa, na wahudumu wakafundishwa kwa wingi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo kimbilio la wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa, ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka huo huo Serikali ilipanga kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 hivi kutoka nyumbani.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja kwa wiki 12, wakajadili malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka madimbwi. Wengi wa wazee wetu walijifunza huko kwamba ugonjwa una chanzo kinachoonekana na kinachoweza kuondolewa kwa mikono.

Novemba 1974 chama kilikutana Musoma, mji ule ule aliosoma Mwalimu akiwa mtoto, kikatoa Azimio la Musoma lililohimiza elimu ya msingi kwa watoto wote. Mtoto wa kawaida wa Butiama hakutakiwa tena kusubiri chifu jirani aone anacheza bao vizuri.

Kwa mkoa wa Mara wa leo, orodha ya vyanzo vinavyoharibu figo bado inahusu mazingira kuliko bahati mbaya. Presha isiyopimwa na kisukari kisichodhibitiwa vinaongoza. Kichocho kinachoshambulia njia ya mkojo kinaweza kuziba mkojo na kuurudisha kwenye figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki zinazonunuliwa dukani bila ushauri, na baadhi ya dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo, huumiza figo za watu wengi. Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Buhemba wilayani Butiama, zebaki inayochomwa kutenganisha dhahabu huingia mwilini kwa njia ya pumzi na inaweza kudhuru figo na ubongo. Mzazi mchimbaji usichomee zebaki jikoni wala karibu na watoto.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoanzia wodini.

Yaliyokwama, na funzo lake

Simulizi ya Mwalimu isiyotaja makosa haitamsaidia mgonjwa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wazo lilikuwa kuwakusanya watu karibu na shule, maji na zahanati, na kwa upande wa umbali lilikuwa na mantiki. Lakini wengi walihamishwa kwa nguvu, nyumba nyingine zilichomwa, na watu waliachana na mashamba yao ya zamani. Wapo waliosogezwa karibu na zahanati huku wakisogezwa mbali na chakula.

Baadaye vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta na udhaifu wa uchumi wenyewe vilikausha hazina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zahanati zilikuwapo, dawa zikawa adimu, na hata sabuni ilitafutwa kwa foleni. Lengo la maji kwa wote halikufikiwa mwaka 1991 kama ilivyopangwa. Mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali. Mwalimu alikuwa ameng'atuka urais mwaka 1985, na katika ustaafu wake alikiri hadharani kwamba yapo waliyokosea, huku akiyatetea aliyoamini yalikuwa sahihi.

Funzo la vijiji linatuhusu moja kwa moja. Kumjua mtu aliye hatarini ni jambo moja, na kumtendea haki ni jingine. Baadhi ya vituo nje ya nchi sasa huingiza majibu ya maswali ya kijamii kwenye kompyuta pamoja na vipimo vya damu, na programu huonyesha ni wagonjwa gani wafuatiliwe kwa karibu. Ni kazi nzuri ikitumika kumpigia mgonjwa simu kabla hajazidiwa, kumbadilishia saa za mashine ziendane na basi, au kumkutanisha na ofisa ustawi wa jamii. Inakuwa mbaya ikitumika kumwandika mtoro, kumkaripia mbele ya wenzake, au kumweka mwisho wa foleni kwa kuwa anaonekana hatadumu.

Mgonjwa aliyekosa kliniki mara mbili hapaswi kuanza kwa kulaumiwa. Aulizwe kwanza: ulikwama wapi? Ukimlaumu, safari ijayo atadanganya, nawe utakuwa umepoteza kipimo chako bora kuliko vyote.

Safari ya mwisho

Baada ya kustaafu, Mwalimu alirudi Butiama akalima. Aliendelea na kazi za kimataifa, ikiwamo kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Mwaka 1998 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Septemba 1999 alisafiri kwenda London kwa matibabu, na Oktoba 14 mwaka huo alifariki katika Hospitali ya St Thomas'. Alizikwa Butiama Oktoba 23.

Mtu aliyetumia maisha yake kusogeza zahanati karibu na wanavijiji alifia maelfu ya kilomita kutoka kwao. Wengine husema jambo hilo kwa kejeli. Mtu anayeuguza hulisikia kwa namna nyingine: ugonjwa mkubwa ulihitaji wataalamu ambao hawakuwa karibu, yeye alikuwa na taifa la kumpeleka, na jirani yake wa Butiama mwenye ugonjwa ule ule hakuwa nalo. Pengo hilo ndilo alilolijua tangu akiwa na miaka 12, alipotangulia Mwisenge na kuwaacha wenzake wakichunga.

Pengo limepungua. Mashine za kusafisha damu zimeongezeka nje ya Dar es Salaam. Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hospitali ya rufaa ya Musoma imebeba jina la Mwalimu. Lakini kati ya mashine na mgonjwa bado kuna barabara, nauli, sahani ya chakula na mtu wa kumsindikiza.

Ufanye nini wewe

Ukienda kliniki yako wiki hii, mweleze muuguzi au daktari mambo haya hata kama hajauliza:

1. Unatoka wapi, unatumia saa ngapi njiani, na mvua ikinyesha barabara inapitika au la.

2. Nani analipa nauli na matibabu, na pesa hiyo itatosha hadi lini. Omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla haijakwisha. Usisubiri deni.

3. Unakula nini hasa nyumbani. Dagaa wakavu, hasa wa chumvi, maharage, ndizi, viazi vitamu na nyanya ni vyakula vya kwetu, na baadhi vina potasiamu, fosforasi au chumvi nyingi kwa mgonjwa wa figo. Viazi na ndizi mbichi zikimenywa, zikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi yanayomwagwa, potasiamu hupungua. Uliza kiasi chako mwenyewe, maana wagonjwa hawafanani.

4. Maji ya kunawa yanatoka wapi. Mwenye mrija shingoni au kifuani anahitaji mikono safi na bandeji kavu. Homa, kutetemeka au usaha ni dharura.

5. Nani anachota maji na kubeba kuni. Mkono wenye mshipa wa mashine usibebe ndoo, usipimwe presha, usitolewe damu wala usilaliwe. Uguse kila siku: mtetemo ukipotea, wahi hospitali.

6. Unaishi na nani, na namba ya simu ya mtu wa pili ikiwa yako imezimwa.

Ukijua utakosa siku yako ya mashine, piga simu mapema uombe siku mbadala. Wakati unasubiri, punguza maji, chumvi na vyakula vya potasiamu kama ulivyoelekezwa. Ukipumua kwa shida unapolala chali, ukivimba haraka, misuli ikilegea au moyo ukidunda ovyo, usingoje kliniki. Nenda hospitali ya karibu na uwaambie mara moja kwamba wewe ni mgonjwa wa dayalisisi.

Kwa ninyi wahudumu, kompyuta si lazima. Daftari lenye safu sita za maswali hayo, likisomwa kila Ijumaa kabla ya mapumziko marefu ya mwisho wa wiki, litawaonyesha watu watatu au wanne wa kupigiwa simu.

Na kwa mzazi ambaye nyumbani kwake hakuna mgonjwa wa figo, pima presha na sukari yako mwaka huu hata kama hujisikii kuumwa. Wajawazito wahudhurie kliniki, kwa kuwa presha ya ujauzito huumiza figo za mama. Mtoto wako atakapoadhimisha Siku ya Mwalimu shuleni, mweleze kwamba mzee yule wa Butiama alizaliwa katika boma ambalo watoto wawili wa mama yake hawakufikia umri wa kutembea, na kwamba hatari zile zilikuwa na majina. Zilipotajwa, baadhi ziliondolewa.